Radhi Huombwa kwa Nani?

Tarehe 17 Oktoba 2024 Seneti ya Kenya ilimng'oa madarakani Naibu Rais Rigathi Gachagua. Kesho yake, Kigali, Rais Paul Kagame alimsamehe Edouard Bamporiki, waziri wa nchi wa zamani aliyefungwa kwa rushwa. Kwa cheo, anguko la Nairobi ni kubwa zaidi. La Kigali lina mengi zaidi ya kuhakiki, maana aliyeanguka ni mshairi.

Bamporiki ndiye anayeghani shairi katika filamu ya Munyurangabo ya mwaka 2007. Aliingia bungeni 2013, akaongoza Tume ya Itorero, iliyokuwa ikiwafunda vijana uzalendo, kisha mwaka 2019 akateuliwa waziri wa nchi. Tarehe 5 Mei 2022 ikatangazwa kuwa amesimamishwa kazi. Siku iliyofuata aliandika Twitter kwamba amepokea fedha asizostahili na moyo wake umeelemewa. Maneno yalipangwa kwa mkono wa fundi, nayo yote yalielekezwa kwa Rais.

Rwanda inaijua vizuri lugha hiyo. Katika mahakama za gacaca, zilizosikiliza kesi za mauaji ya kimbari na kufungwa 2012, mtuhumiwa aliyekiri, akajuta na kuomba radhi alipunguziwa adhabu. Lakini pale alisimama mbele ya majirani, na miongoni mwao walikuwamo waliofiwa, wakimhoji na kumsuta anapopindisha. Bamporiki alichukua umbo lile lile, akabadilisha msikilizaji. Mfanyabiashara aliyefungiwa kiwanda, ambaye kesi yenyewe ilimhusu, hakuwa na nafasi katika ujumbe ule. Rais alijibu hadharani kwamba adhabu nayo husaidia. Mahakama ikampa miaka 4, na mwanzoni mwa 2023 Mahakama Kuu ikaiongeza kuwa 5. Hakuimaliza.

Si mara ya kwanza. Pasteur Bizimungu, Rais wa kwanza baada ya mauaji ya kimbari, alijiuzulu Machi 2000, akahukumiwa miaka 15 mwaka 2004, ubadhirifu ukiwa miongoni mwa makosa, na akasamehewa 2007. Hata katika enzi za wafalme, chifu aliyegawiwa ng'ombe na ardhi na mwami aliweza kunyang'anywa na mwami huyo huyo. Jamhuri ina katiba na mahakama, naam, lakini macho ya aliyeanguka bado yanaelekea juu.

Dodoma mambo yalikwenda kinyume kabisa. Tarehe 7 Februari 2008, baada ya kamati teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kusoma ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama bungeni akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Hakukiri kosa. Alilalamika kwamba kamati haikumhoji, na kwamba kinachotafutwa ni uwaziri mkuu wenyewe. Hotuba ya kung'atuka ikawa hotuba ya mtu aliyeonewa, na ilimlipa: mwaka 2015 aligombea urais kwa tiketi ya Chadema akapata kura zaidi ya milioni sita. Hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa Richmond hadi alipofariki Februari 2024.

Gachagua alijaribu njia zote mbili. Jumapili ya 6 Oktoba, kwenye maombi nyumbani Karen, alimwomba Rais Ruto, wabunge na Wakenya wamsamehe kama amewakosea. Kesho yake akafafanua kwamba kuomba radhi si kukiri hatia. Hilo neno "kama" lilikuwa na mlango wa nyuma, na mwenyewe ndiye aliyeufungua. Kuhusu shilingi bilioni 5.2 alizodaiwa kujilimbikizia, alisema sehemu kubwa ni mali ya marehemu kaka yake. Seneti ilimtia hatiani kwa mashtaka 5 kati ya 11, na lile la ufisadi halikuwamo.

Kwa hiyo, kati ya Bamporiki, Lowassa na Gachagua, ni mshairi wa Kigali peke yake aliyetamka kwamba alipokea. Ningemsifu kwa hilo bila kusita, laiti angemtaja hata mara moja yule mwenye kiwanda.