PlayStation 2 na Koltani ya Kivu

PlayStation 2 ni mashine ya michezo ya video iliyotengenezwa na Sony ya Japani chini ya mhandisi Ken Kutaragi. Ilizinduliwa Japani tarehe 4 Machi 2000, kisha Marekani tarehe 26 Oktoba, na imeuzwa kuliko mashine nyingine yoyote ya aina yake: zaidi ya milioni 155. Historia yake husimuliwa kwa sifa za prosesa iliyobuniwa pamoja na Toshiba na uwezo wa kucheza DVD. Bila Kivu, eneo la mashariki mwa Kongo, historia hiyo ina pengo. Vifaa vya elektroniki vya wakati huo vilihitaji kapasita za tantali, metali itokayo kwenye koltani. Mwaka 2000 watengenezaji wa simu, kompyuta na mashine za michezo walipozigombania, bei ya tantali ilipanda karibu mara kumi. Huko Kivu wakulima waliacha majembe wakashika sururu. Wachimbaji waliingia hadi Hifadhi ya Kahuzi-Biega, tembo na gorila wakauawa kwa kitoweo. Novemba 2000 waasi wa RCD-Goma, walioungwa mkono na Rwanda, waliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kuuza koltani nje, wao wakivuna ushuru.

Wapo walioyaita mapigano ya Kongo ya wakati huo vita vya PlayStation. Tarehe zinalikataa jina hilo. Vita vilianza Agosti 1998, kabla mashine haijafika dukani. Na mwaka 2001 bei ya tantali ilianguka huku PlayStation 2 ikizidi kununuliwa na risasi zikiendelea kulia. Bei ilipandishwa zaidi na hofu ya wanunuzi waliolimbikiza akiba. Basi Sony na wenzake hawahusiki, hasa kwa kuwa tantali nyingi ilitoka Australia? Hapana. Madini yakishayeyushwa pamoja, asili yake haionekani tena, na mnunuzi asiyeuliza hulipa pande zote mbili, Australia na Kivu. Kutoanzisha vita hakumwondolei mtu wajibu wa kujua fedha yake inamfikia nani. Sheria ya Marekani ya Dodd-Frank, iliyozitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa zieleze kama madini yao yametoka Kongo na nchi jirani, ilipitishwa 2010, miaka kumi baada ya uzinduzi.