Mazoea yana tabu: sekunde 40 za Ariane 5

Kuna wiki moja chumba chetu cha habari kilipata aibu ndogo. Msanifu kurasa, kwa kubanwa na muda, alichukua ukurasa wa wiki iliyotangulia, akafuta habari za zamani na kumwaga mpya. Mimi ni mmoja wa tulioupitia kabla haujaenda mtamboni. Sote tulisoma habari, hakuna aliyetazama juu kabisa ya ukurasa. Asubuhi gazeti likawa mtaani na tarehe ya wiki iliyopita. Mhariri alipokuja juu, tulikuwa na jibu moja tu: "Bosi, ukurasa huo tunautumia siku zote, haujawahi kuleta tatizo."

Jibu hilo limenirudisha kwenye kisa kimoja cha mwaka 1996. Wasomaji mnaofanya kazi na kompyuta huenda mmewahi kukisikia darasani. Nakisimulia kwa sababu naona kinatuhusu sote, hata sisi wa kalamu.

Mwaka 1987 nchi za Ulaya, kupitia shirika lao la anga za juu (ESA), zilikubaliana kutengeneza roketi mpya iitwayo Ariane 5. Ilikusudiwa kubeba mizigo mizito kuliko Ariane 4, roketi iliyoanza kuruka mwaka 1988 na kujijengea jina kwa uhakika wake. Baada ya karibu miaka kumi ya kazi, siku ikafika: Juni 4, 1996, huko Kourou, Guiana ya Ufaransa, kwenye pwani ya Amerika Kusini. Ndani ya roketi kulikuwa na setilaiti nne za mradi uitwao Cluster, za kuchunguza jinsi upepo wa jua unavyokutana na uga wa sumaku wa dunia. Wapo wanasayansi waliokuwa wameutumikia mradi huo kwa miaka mingi.

Roketi ikawashwa, ikapaa vizuri. Hazikupita sekunde 40. Ikiwa kama mita 3,700 juu, ghafla ikakata kona, ikaanza kumeguka kwa nguvu ya hewa, kisha mtambo wake wa kujilipua ukafanya kazi uliyopangiwa. Roketi na setilaiti zote nne zikaanguka vipande vipande.

Ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jacques-Louis Lions, mwanahisabati wa Kifaransa. Ripoti yake ilitoka Julai 19, 1996, na kwa maoni yangu inafaa kusomwa na kila anayesimamia mradi wa aina yoyote. Injini hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye programu ya kompyuta.

Nitajaribu kueleza kwa lugha ya kawaida. Roketi ina chombo kinachoiambia imeelekea wapi na inakwenda kwa kasi gani. Chombo hicho, pamoja na sehemu kubwa ya programu yake, kilitoka kwenye Ariane 4. Ndani yake kulikuwa na hesabu iliyochukua namba kubwa ya biti 64 na kuihamishia kwenye nafasi ya biti 16. Nafasi hiyo haiwezi kuhifadhi namba inayozidi 32,767. Kwa Ariane 4 namba hiyo haikuwahi kufikiwa. Lakini Ariane 5 ilikuwa na njia tofauti ya kupaa, na kasi yake ya kwenda upande iliongezeka kama mara tano zaidi. Namba ikafurika na chombo kikajizima.

Utasema: si kulikuwa na cha akiba? Kilikuwepo. Tatizo ni kwamba cha akiba kilikuwa pacha wa kwanza, chenye programu ileile, kwa hiyo kilikuwa kimekwishajizima sehemu ndogo ya sekunde kabla ya mwenzake, kwa sababu ileile. Chombo kikuu kilipokata roho kikatuma ujumbe wa kuripoti hitilafu. Kompyuta kuu ikaupokea ujumbe ule kana kwamba ni taarifa za safari, ikaamini roketi imepotoka, ikageuza midomo ya injini "kuirekebisha". Roketi iliyokuwa ikienda sawasawa ikapotoshwa na marekebisho hayo.

Kinachouma zaidi ni kwamba hesabu iliyofurika haikuwa na kazi yoyote baada ya Ariane 5 kuruka. Kwenye Ariane 4 iliachwa iendelee kwa muda mfupi ili, kama zoezi la kuhesabu kurudi nyuma lingesimamishwa sekunde za mwisho, wasilazimike kuanza upya na kupoteza dakika 45 au zaidi. Faida hiyo ilitumika mara moja tu, mwaka 1989. Ariane 5 haikuihitaji kabisa. Ilibaki kwa hoja kwamba programu iliyofanya kazi vizuri si busara kuigusa.

Ni rahisi kuwaita wahandisi wale wazembe, lakini ukisoma ripoti utaona sivyo. Walikagua hesabu za aina hiyo, wakakuta namba saba zinazoweza kufurika. Nne wakaziwekea kinga. Tatu wakaziacha kwa makusudi, kwa sababu kompyuta ile ilitakiwa isitumie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, na waliamini tatu hizo haziwezi kufika huko. Kwa roketi ya zamani walikuwa sahihi. Hata uamuzi wa kuzima chombo kikiona hitilafu ulikuwa na mantiki: walidhani hitilafu itakuwa ya kifaa kuharibika, na kifaa kikiharibika, pacha wake huwa mzima. Hawakufikiria kosa lililoandikwa kwenye pacha wote wawili.

Kosa kubwa lilikuwa kwingine. Pande zinazohusika zilikubaliana kwamba takwimu za njia ya Ariane 5 zisiwe sehemu ya masharti ya chombo hicho. Halafu kwenye majaribio ya mfumo mzima chombo chenyewe hakikuwekwa, kikaigizwa na programu nyingine, kwa kuwa kilihesabiwa kuwa kimekwishathibitishwa. Tume ilisema wazi kwamba majaribio yenye njia halisi ya roketi yangeweza kulifichua kosa hilo pale chini, kabla ya mtu yeyote kuwasha injini.

Kwa hiyo mimi nasoma hivi: hatari ilijificha kwenye kitu kilichoaminika kuliko vyote. Vipya vilitiliwa shaka na kupimwa, cha zamani kikapita kwa heshima ya historia yake.

Siku hizi kila ofisi inahamia kwenye mfumo wa kompyuta: mishahara, hospitali, vyuo, kodi. Mara nyingi mfumo huwa umetoka mahali pengine, na sifa yake kuu ni kwamba "huko umefanya kazi". Sisi waandishi tunaialika sifa hiyo kwenye habari zetu bila swali. Tungeweza kuuliza. Huko ulikuwa unahudumia watu wangapi, na hapa watakuwa wangapi? Umejaribiwa kwa takwimu za hapa? Na hicho mnachoita cha akiba kina tofauti gani na cha kwanza?

Ariane 5 yenyewe haikufia Kourou. Iliruka tena Oktoba 1997, kwa mafanikio nusu, na Oktoba 1998 ikaruka bila dosari. Setilaiti za Cluster zilitengenezwa upya na kurushwa mwaka 2000 kwa roketi za Soyuz. Roketi ile iliyoanza kwa aibu ilistaafu Julai 2023 baada ya safari 117. Desemba 25, 2021 ndiyo iliyobeba darubini ya James Webb, na kituo cha Malindi, hapo pwani ya Kenya, ni miongoni mwa masikio yaliyopokea ishara zake za mwanzo.

Nasi kule kazini ukurasa ule bado tunautumia. Ila sasa kabla haujaenda mtamboni, mtu mmoja hupewa kazi ya kusoma tarehe tu. Wiki hii ni zamu yangu.