Kutu ya Papo katika Bloku ya Injini

Kutu ya papo ni utando mwembamba, wa rangi ya machungwa au ya hina iliyofifia, utandao juu ya chuma kilichotoka kuchongwa mara kiguswapo na maji au hewa yenye unyevu. Huweza kushika popote penye chuma kitupu, walakini hakuna mahali inapowatia mafundi wahaka kama katika bloku ya injini, yaani lile pande kubwa lenye matundu ya silinda, ambalo hurejea kutoka kwa mkerezaji liking'aa mithili ya fedha, likaoshwa, na kabla mwoshaji hajamaliza kutafuta kitambaa cha kulikaushia likawa limekwisha geuka rangi mbele ya macho yake. Wahaka huo una sababu, kwa kuwa kazi ya kuchonga ni ghali na chuma hakikubali kuchongwa mara nyingi. Lakini kutu yenyewe, maadamu ni ya saa chache, imekaa juu juu tu, na aghalabu madhara hutoka katika ukali wa dawa zinazokimbiliwa kuliko katika kutu.

Bloku nyingi, hususa za malori, matrekta na magari ya zamani, hufanywa kwa chuma cha kusubu cha kijivu, ambacho ndani yake mna kaboni ipatayo asilimia 2.5 hadi 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imejitenga ikawa magamba madogo ya grafiti, jamii ile ile ya kitu kilichomo ndani ya penseli. Grafiti hupitisha umeme wala hailiwi na kutu. Hivyo basi tone la maji likikaa juu ya chuma kama hicho, gamba la grafiti na chuma kilicho kando yake huwa kama ncha mbili za betri ndogo, chuma kikaanza kuyeyuka kidogo kidogo, na kilichoyeyuka kikakutana na oksijeni iliyomo majini kikawa kutu. Kabla ya kuchongwa, bloku huwa na ganda lake la tangu kalibuni na mafuta ya miaka iliyopita, ambayo huisitiri. Mashine ikiisha kuliondoa ganda, na sabuni ikayaondoa mafuta, chuma hubaki uchi.

Mwanakemia Mwingereza W. H. J. Vernon alibainisha katika majaribio yake ya miaka ya 1930 kwamba chuma kilichomo katika hewa yenye moshi wa salfa huanza kuliwa kwa kasi pindi unyevu wa hewa unapopita kiasi cha asilimia 60 hivi. Na mwenye gereji Mombasa, Tanga au Unguja ajua kwamba huko hewa iliyo kavu kuliko hivyo ni nadra, fauka ya chumvi iletwayo na upepo wa bahari, ambayo huvuta maji na kuyazidishia nguvu ya kupitisha umeme. Bara nako, katika miji ya milimani, kuna hila nyingine: pande la chuma lenye uzito wa kilo mia na zaidi hupoa usiku kucha na halipati joto upesi asubuhi, basi mlango ukifunguliwa na hewa ya jua ikaingia, umande hulivaa kama uivaavyo chupa ya soda iliyotolewa barafuni.

Wako wasemao kwamba, kwa kuwa maji ndiyo mkosaji, afadhali bloku isioshwe kwa maji kabisa, ikafutwa kwa mafuta ya taa basi. Rai hiyo haifai. Vijiwe vya kunolea silinda huacha vumbi lake ndani ya michirizi, na mafuta ya taa hulieneza vumbi hilo bila ya kulitoa, kisha injini ikiwashwa likawa kinu cha kusaga ringi. Linaloliondoa ni sabuni, maji ya moto na brashi. Na maji yakiwa ya moto sana, chuma chenyewe hupata joto na kukauka upesi. Ustadi ni kuosha wakiwa watu wawili, silinda moja baada ya moja, mmoja akisuuza na mwenziwe akimfuata kwa hewa ya kompresa na kitambaa chenye mafuta. Kutu ikitokea pamoja na hayo yote, si aibu ya mtu.

Dawa ya kwanza, ambayo mara nyingi huwa ndiyo ya mwisho, ni mafuta mepesi na kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi. Hufaa mafuta ya giaboksi otomatiki, kwa kuwa ni mepesi na yametiwa viungo vya kusafishia. Kadhalika hufaa mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya injini kidogo, au WD-40, iliyobuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa kazi hasa ya kufukuza maji juu ya chuma, ingawa utando wake ni mwembamba na si wa kutegemewa kwa kuhifadhi. Silinda hupakwa ikalowana, ikaachwa robo saa, kisha ikasuguliwa. Kitambaa cha kwanza hutoka kimefanya matope mekundu. Cha tatu au cha nne hutoka na kahawia hafifu. Halafu huja kijivu, na hapo wengi hufadhaika wakidhani kutu haijaisha. Rangi hiyo si kutu tena. Ni unga wa chuma na grafiti uliobaki tangu kwenye mashine, nao sharti utolewe vilevile, hata kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia.

Pakibaki doa lisilokubali kitambaa, hutumika sponji ya kusugulia ya kijivu, ambayo ni laini kuliko ile ya kijani ya kuoshea masufuria, ikichovywa katika mafuta na kupelekwa kwa kufuata michirizi iliyoachwa na vijiwe. Michirizi hiyo, inayopishana kwa pembe ipatayo nyuzi 45, ndiyo ishikayo mafuta ya kulainisha pistoni, na mwenye kuisugua kwa mzunguko huifuta. Kisha hupimwa kwa ukucha: ukipita juu ya doa bila ya kukwama, lililobaki ni rangi tu na injini haitalijua, ukikwama, kutu imekwisha chimba, na bloku haina budi kurejeshwa kwa mkerezaji. Nyumba za beringi za krankishafti, ambako nafasi huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, hufutwa kwa mafuta tu. Matundu ya parafujo husafishwa kwa brashi ya shaba nyeupe. Njia za maji ya kupoza hazina haja ya kuhangaikiwa, kwani zitaingia maji vyovyote.

Msasa ni wa kuhadhariwa. Jina hili ni la mti ambao majani yake yenye kukwaruza yalikuwa yakilainishia mbao, na kwa mbao kazi yake ni njema. Lakini juu ya uso unaopokea gasketi huacha mabonde yasiyoonekana kwa jicho, na punje zake hujipachika katika vinyweleo vya chuma. Ubaya wa maji ya betri wazidi huo. Tindikali ya chumvi nayo huondoa kutu kwa dakika moja, ila huacha kloridi ndani ya vinyweleo, na kutu hurudi usiku ule ule ikiwa nyekundu kuliko ya mwanzo. Siki na ndimu ni za upole zaidi, lakini nazo hula chuma na kuacha weusi wa grafiti, hivyo hufaa kwa vyombo vidogo vidogo, si kwa silinda. Tindikali ya fosfati, ambayo huigeuza kutu kuwa ngozi ya kijivu, ina nafasi yake upande wa nje wa bloku kabla ya kupakwa rangi, na ndani haina kazi. Njia ya umeme na magadi ni ya kufufulia bloku iliyolala miaka shambani. Kuitumia kwa kutu ya papo ni kumchinjia ng'ombe mgeni wa kikombe cha chai.

Bloku iliyokwisha takaswa hushikwa kwa glovu, kwani jasho lina chumvi, na alama ya kidole gumba huweza kuonekana kesho yake imeandikwa kwa kutu, mistari yake yote ikisomeka. Mafuta ya kupikia hayafai kuihifadhia, maana huchacha na kuzaa tindikali. Hupakwa mafuta mazito ya injini au ya kuzuia kutu, ikafunikwa kwa mfuko wa plastiki baada ya kupoa kabisa, si kabla, ili joto lisitoe jasho ndani. Siku ya kuunganisha, uso wa gasketi hufutwa kwa spiriti mpaka ukauke, na silinda hupakwa mafuta mapya.