Gozi la Ng'ombe Lisilo na Ng'ombe

Mjomba wangu alikuwa fundi viatu kule Ngamiani, Tanga. Siku za kazi alibadili soli na kushona kandambili za ngozi. Ijumaa mchana, baada ya swala, ilikuwa zamu ya mipira. Timu za mitaani zilimletea iliyopasuka, naye alitaka imalizike kabla ya mechi za Jumapili.

Kazi yangu ilikuwa kupaka nta uzi wa katani. Yeye aligeuza gozi, ndani likawa nje, akatoboa kwa msharasi, kisha akapitisha sindano mbili katika tundu lile lile, moja ikitokea kushoto na nyingine kulia, akavuta mpaka ngozi ikalia. Akimaliza huligeuza tena kupitia mdomo wake mdogo, akatumbukiza kibofu, akajaza upepo, akafunga mdomo kwa ukanda. Ukanda huo tuliujua vizuri sisi tuliopenda kupiga vichwa. Ulituachia alama kwenye paji la uso, na gozi likishanywa maji ya mvua, afadhali kichwa ukiweke kando.

Siku moja nilimuuliza: "Mjomba, hii si ngozi? Mbona tunauita mpira?"

Akajibu bila kuinua macho: "Mpira ni huo uliomo ndani. Hili la nje ni gozi."

Nimeishi na jibu hilo hadi nimeota mvi, na sijaona kamusi iliyolieleza jambo vizuri zaidi. Waingereza waliutaja mguu na kitu kinachopigwa. Sisi tulitazama kitu chenyewe kimeundwa kwa nini. Mpira ni ule utomvu wa mti uliopikwa. Ndiyo maana hata bomba la kumwagilia bustani tunaliita mpira. Na ngozi ikiachwa bila ile n ya mwanzo huwa gozi, kama nyumba inavyokuwa jumba: kitu kikubwa, kizito, cha kupigwa teke bila huruma. Jina moja limetoka tumboni mwa kitu, jingine limetoka mgongoni.

Tumbo hilo halikuwa la mpira tangu mwanzo. Huko Uingereza walitumia kibofu cha nguruwe. Aliyebadili ni fundi viatu mwenzake mjomba, Richard Lindon wa mji wa Rugby, ambaye kwenye miaka ya 1860 alianza kutumia vibofu vya mpira. Husimuliwa kwamba mkewe, aliyekuwa akivipuliza vile vya nguruwe kwa mdomo, aliugua mapafu akafariki. Wamisionari wa UMCA walipowachezesha vijana wa shule yao ya Kiungani, Unguja, karne hiyo hiyo ya 19, kibofu cha mpira kilikuwa kimeshapatikana. Ingekuwa bado ni kile cha zamani, sijui watoto wa madrasa wangeukaribiaje mchezo huu.

Soka nalipita haraka. Ni mkato wa wanafunzi Waingereza, walioikatakata ile "association" ya chama kilichoundwa London mwaka 1863. Jina la karatasini, halina harufu.

Gozi lina harufu, na redio ndiyo iliyolikuza. Msikilizaji haoni kitu, na mtangazaji hawezi kusema "mpira" kwa dakika 90. Enzi za Ahmed Jongo wa Radio Tanzania na Leonard Mambo Mbotela kule Nairobi, utangazaji ulikuwa ufundi wa maneno: kandanda, kabumbu, gozi. Na gozi halikuchezwa tu, lilisakatwa, kitenzi kilichotoka kwenye dansi. Likiingia golini limetiwa kimiani, na kimia ni wavu wa mvuvi. Mtu wa pwani alikuwa nyumbani kwake kabisa.

Mwaka 1988 Coastal Union walipotwaa ubingwa wa Bara, redio ya mjomba haikuzimwa. Kila lilipotajwa gozi la ng'ombe alicheka peke yake: "Ng'ombe gani huyo?" Alikuwa ameanza kuletewa mipira ya plastiki, inayochanika kama karatasi na isiyoshika mshono. Hakukosea. Kombe la Dunia la Mexico, 1986, lilikuwa la kwanza kuchezwa kwa mpira usio na ngozi hata kidogo. Lilipofika lile la Ujerumani, 2006, hata uzi ulikuwa umeondolewa. Vipande viliunganishwa kwa joto.

Siku hizi vijana wanaojua mambo huwasahihisha watangazaji: hakuna gozi, hakuna ng'ombe. Naomba watangazaji wasiwasikilize. Ng'ombe amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka 100, jina amelipata kwa jasho lake. Na mjomba hajakosolewa bado: ukipasua mpira wa leo, ndani utakuta kibofu cha mpira.