Meza Inayoshikwa na Uzito Wake

Ukipitia katalogi za minada ya samani za karne ya 20, jina la Eros utalikuta mara kwa mara. Ni jamii ya meza za marumaru alizobuni msanifu majengo Angelo Mangiarotti mwaka 1971, zikatolewa na kampuni ya Kiitalia iitwayo Skipper. Zipo ndogo za pembeni, zipo za kulia chakula. Kwenye picha hazina makeke: uso mpana, mguu mnene, basi. Lakini hebu tazama vizuri pale mguu unapokutana na uso. Hakuna parafujo, hakuna gundi, hakuna chuma.

Mguu umechongwa kama pia iliyokatwa ncha, chini mpana na juu mwembamba. Uso nao una tundu lenye mteremko uleule. Unausimamisha mguu, unaushusha uso juu yake, na uso unateremka mpaka unakwama. Kadiri ulivyo mzito ndivyo unavyobana. Na ni mzito kwelikweli: mita moja ya ujazo ya marumaru ina takriban kilo 2,700, hivyo duara lenye kipenyo cha sentimita 130 na unene wa sentimita 3 tu linapita kilo 100. Siku ya kuhama nyumba, tafuta majirani wa kukusaidia.

Mangiarotti alizaliwa Milano mwaka 1921, akahitimu usanifu huko mwaka 1948. Katika miaka ya 1950 alifundisha Chicago na kukutana na Mies van der Rohe na Walter Gropius. Aliporudi Italia alifanya kazi na Bruno Morassutti, na mwaka 1957 likakamilika kanisa lao la Baranzate, nje kidogo ya Milano: kuta za vioo, na paa la boriti za zege lililobebwa na nguzo nne. Ukilijua kanisa lile, meza ya Eros haikushangazi tena. Ni nguzo na paa, vimeletwa sebuleni. Mtu aliyezoea kufikiria jinsi zege linavyoegemea zege aliuliza swali lilelile kuhusu jiwe.

Hapo ndipo wasifu wa katalogi unapoishia, na hapo ndipo mimi ninapoanza kuuliza maswali. Uzito huu ambao Mangiarotti aliufanya ukawa parafujo yake, kabla ya kufika kwake ulikuwa wa nani?

Miongoni mwa mawe yaliyotumika kwa Eros ni marumaru nyeupe ya Carrara, kaskazini mwa Toscana. Warumi wa kale walikata mawe huko. Michelangelo alipanda milima hiyo mwenyewe kuchagua mapande yake. Kulikata jiwe ilikuwa nusu ya kazi, na nusu ya pili, ya hatari zaidi, ilikuwa kulishusha. Hadi miaka ya 1960 bado kulikuwa na wanaume wa Carrara walioshusha marumaru kwa njia inayoitwa lizzatura. Mapande yenye jumla ya tani 20 na zaidi yalifungwa pamoja juu ya magogo, yakashikiliwa kwa kamba nene zilizozungushwa kwenye nguzo mlimani, kisha yakaachiliwa kidogokidogo kwenye mteremko. Chini yake yalitandazwa mabao yaliyopakwa sabuni ili mzigo uteleze. Mzigo ukishapita, bao la nyuma linachukuliwa na kupelekwa mbele.

Na nani aliyekuwa akiyapanga mabao hayo mbele? Kiongozi wa kikosi, capolizza, akiwa amesimama upande wa bondeni huku mlima wa jiwe unamjia. Yeye ndiye aliyewapa ishara wenzake wa juu: legeza, kaza, simama. Kamba ikikatika, wa kwanza ni yeye. Uzito uleule ambao leo unaituliza meza ya watu wanane ulikuwa ukivunja watu miguu, na wengine uliwaua.

Haishangazi kwamba Carrara ikawa ngome ya wafuasi wa anakia nchini Italia. Mmoja wao, Alberto Meschi, aliongoza chama cha wafanyakazi, na mwaka 1919 wakata mawe wakapata siku ya kazi ya saa 6 na nusu. Fikiria, mwaka 1919! Leo hii kuna wenzetu wa machimboni ambao saa kama hizo wanazisikia tu.

Wakata mawe nao walikuwa na marumaru yao ya chakula. Katika kijiji cha Colonnata, juu ya Carrara, mafuta ya nguruwe hulazwa kwa miezi ndani ya masanduku ya marumaru pamoja na chumvi, vitunguu saumu na mimea yenye harufu. Leo ni kitoweo ghali cha mahotelini. Zamani kilikuwa chakula cha wanaume waliopanda mlimani alfajiri, wakila na mkate. Kabla matajiri hawajaizunguka marumaru kwa viti, maskini walikuwa wameshaifanya kabati la jikoni.

Sisi wenye Kiswahili tunayo sehemu yetu ndogo humu, nayo ni neno. Marumaru yetu tuliipata kupitia marmar ya Waarabu na Waajemi. Marmo ya Waitalia imetoka katika marmor ya Kilatini, nayo ikatoka kwa Wagiriki. Ni ukoo mmoja wa neno. Dar es Salaam ya leo ukiomba marumaru dukani utauziwa vigae vya udongo wa kuchomwa, yaani jina limebaki na jiwe limeondoka.

Kwa anayetaka kununua Eros ya zamani, ushauri ni mwepesi. Inua uso, kagua ukingo wa tundu kama umebanduka, na hakikisha mguu na uso havikuokotwa kwenye meza mbili tofauti. Leo kampuni ya AgapeCasa inazitengeneza upya, hivyo uliza umri wa ile unayoiona. Kisha tazama madoa. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, ndugu wa chokaa. Limau, siki, divai na nyanya huila na kuacha alama zisizofutika kwa kitambaa. Wauzaji huziita kasoro. Mimi sikubaliani nao. Ni kumbukumbu za watu waliokula pale.

Ila bado kuna pengo. Katalogi nilizosoma zinataja mbunifu, mwaka, vipimo na bei. Jina la machimbo silioni, sembuse la aliyesimama chini ya jiwe. Mstari mmoja tu ungetosha: jiwe hili limetoka bonde fulani, lilishushwa namna fulani. Mnunuzi anayelipa pesa nyingi kwa ajili ya uzito anastahili kujua historia yake.