Kununua Bila Kumiliki

Mtu akinunua jembe dukani, jembe ni lake. Aweza kulima nalo, kumwazima jirani, au kulipeleka kwa mhunzi likipinda. Muuzaji hana neno tena juu yake. Sivyo ilivyo kwa programu nyingi za kompyuta. Mtu hulipa fedha, akapewa leseni, yaani ruhusa ya kutumia tu. Ruhusa hiyo humkataza kumpa mwenziwe nakala, na mara nyingi humnyima hata njia ya kurekebisha kilichoharibika. Programu ikikwama, hana budi kumngoja muuzaji. Na muuzaji asipojali, hasara ni ya mnunuzi. Msomaji, huenda ukadhani kuwa kanuni hiyo ilizaliwa pamoja na kompyuta yenyewe. La, haikuzaliwa hivyo. Ilitungwa na watu, katika miaka inayojulikana, kwa sababu zinazoweza kupimwa.

Hapo zamani mashine ndiyo iliyouzwa au kukodishwa, na programu ilifuata kama kivuli kimfuatavyo mtu. Mteja wa kampuni ya IBM ya Marekani alipewa programu, mafundi na mafunzo pamoja na mashine, bila kila kimoja kutajiwa bei yake. Katika mwaka 1955 wateja wa kampuni hiyo waliunda chama kilichoitwa SHARE, jina lenye maana ya kushirikiana, ili mtu asihangaike kutunga upya programu ambayo mwenziwe amekwisha kuitunga. Kampuni haikuchukia ushirika huo. Kadiri programu zilivyozidi kuwa nyingi, ndivyo mashine yake ilivyozidi kufaa.

Mwaka 1969 uligeuza mambo. Mwezi wa Januari serikali ya Marekani iliishtaki IBM kwa kuhodhi biashara ya kompyuta. Mwezi wa Juni kampuni ikatangaza kwamba baadhi ya programu na huduma za mafundi zitalipiwa mbali na mashine. Tangazo hilo liliwafungulia mlango wafanyi biashara wadogo, kwani ni vigumu kuuza kitu ambacho mkubwa hukitoa bila kukidai. Lakini mteja alitazama daftari lake akanung'unika. Bei ya mashine ilipunguzwa kwa asilimia 3 tu, na msaada uliokuwa ndani ya bei sasa ulikuja na hati yake ya malipo. Tangu hapo programu ikawa bidhaa, na msaada nao ukawa bidhaa.

Ugomvi wa pili ulikuwa juu ya nakala. Katika mwaka 1975 kampuni ndogo iitwayo MITS, katika mji wa Albuquerque, ilianza kuuza kompyuta ndogo ya Altair. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, waliiandikia programu ya lugha ya BASIC. MITS iliwauzia kwa bei nafuu wale walionunua pia bodi zake za kumbukumbu, na wengine ikawadai bei kubwa. Nazo bodi zile zilijulikana kwa ubovu. Utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, wenye programu hiyo ndani yake, uliwafikia wanachama wa klabu ya Homebrew huko California. Wakaunakili, wakagawiana.

Tarehe 3 Februari 1976 Gates aliwaandikia barua ya wazi. Alisema kwamba wenye Altair walioinunua BASIC hawakufika hata mmoja katika kumi, na akauliza ni nani awezaye kufanya kazi ya ustadi bila malipo. Msomaji, usiidharau hoja hiyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Miezi ya kazi ya mtu haiwi bure kwa sababu tu nakala yake ni rahisi kutengeneza. Lakini usimdharau mteja pia. Aliyelazimishwa kununua kibovu ili apate kizuri, yeye naye alikuwa na shtaka lake.

Sheria ilisimama upande wa mtungaji. Mwaka 1980 Marekani ilirekebisha sheria yake ya hakimiliki ili iitaje programu ya kompyuta waziwazi. Karibu na wakati huohuo, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, mtungaji wa programu Richard Stallman alisumbuliwa na printa mpya iliyotoka kampuni ya Xerox. Karatasi zilikwama mara kwa mara, na watu wakangoja kazi zao bila kujua kwamba mashine imesimama. Printa iliyotangulia alikuwa ameirekebisha programu yake ili iwape watu habari. Hii mpya ilikuja bila maandishi ya asili ya programu, yale ambayo fundi huyasoma na kuyasahihisha. Alipomwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nayo, mtu huyo alikataa kumpa, kwa kuwa alikuwa ametoa ahadi ya siri. Fundi alikuwapo, ustadi ulikuwapo, nia ilikuwapo. Ruhusa ndiyo iliyokosekana.

Mwezi wa Septemba 1983 Stallman alitangaza kazi ya GNU, yenye shabaha ya programu ambazo kila mtu aweza kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Mwaka 1989 ilitoka leseni yake, GPL. Leseni hiyo ilitumia hakimiliki ileile kwa kusudi jingine: agawaye programu hiyo hana budi kutoa na maandishi yake ya asili, na kumwachia mwenziwe uhuru uleule. Linus Torvalds wa Ufini aliiweka Linux chini ya leseni hiyo katika mwaka 1992.

Hata hivyo uhuru huo haukumaliza kilio cha mteja. GPL yenyewe yasema kwamba programu hutolewa bila dhamana. Ndiyo maana katika mwaka huohuo wa 1989 iliundwa kampuni ya Cygnus Support, iliyouza msaada kwa watumiaji wa programu huria. Programu ilikuwa ya wote. Saa za fundi zilibaki kuwa na bei.

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi. Basi anayenakili bila ruhusa hukosa mbele ya sheria, hata akiwa na nia ya kumsaidia rafiki. Lakini kutii sheria si kufumba macho. Kabla ya kutoa fedha, uliza: Je, naruhusiwa kumpa mwenzangu? Ikiharibika, ni nani atakayeitengeneza, na kwa malipo gani? Muuzaji akifunga duka, kazi yangu itabaki mikononi mwa nani? Asiyeuliza hununua mbuzi ndani ya gunia, na gunia likifunguliwa fedha zimekwisha kwenda.