Mstari wa Arua ulipoanguka, nani aliondoka?

Wandugu, leo tuongee historia ya chati. Fungua chati ya wakimbizi wa Uganda, chuja kwa jina la wilaya, Arua peke yake, tangu 2017. Mstari unaweza kuanguka ghafla. Mtu wa mbali atasema: kumbe wamerudi kwao! Wapi. Rhino Camp na Imvepi zilihesabiwa chini ya Arua. Julai 2019 Madi-Okollo ikawa wilaya, Julai 2020 Terego nayo. Kambi hazikusogea hata hatua moja, mpaka ndio ulisogea.

Kuna anguko lingine, la 2018. Machi hadi Oktoba mwaka ule, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR walituhakiki upya, vidole na macho. Kabla iliandikwa zaidi ya milioni 1.4, baadaye takribani milioni 1.1. Hapo hesabu ilisahihishwa. Huwezi kuisoma kama safari ya laki tatu kurudi nyumbani.

Sasa njoo Koboko. Kambi yake ni Lobule, na wengi wa pale ni Wakongo. Ukichuja "Sudan Kusini", Koboko inakaribia kupotea kwenye chati. Lakini pita sokoni Koboko mjini, karibu na mpaka wa Oraba, usikie watu wanaongea Kiarabu cha Juba. Wamepanga vyumba, watoto wanasoma pale. Majina yao yako kambini, maana usajili wa mkimbizi wa mjini ni wa Kampala tu. Arua mjini ni vile vile. Halafu mji unapanga madarasa, maji na dawa kwa hesabu ambayo sisi hatumo.

Kichujio hakidanganyi. Kinaonyesha kilichoandikwa, kinaficha kingine, basi. Kwa hiyo ukiona chati, uliza mambo matatu: kichujio gani kimewashwa? Mipaka ni ya mwaka gani? Mtu amehesabiwa alipoandikishwa au anapolala?

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tunawaomba: andikeni vichujio vyenu kwenye kichwa cha chati, na palipo na sifuri ya mjini, wekeni maelezo chini yake. Na sisi vijana tujifunze kubofya wenyewe, tuondoe kichujio, tuangalie tena. Ile sifuri inaweza kuwa ni wewe.